Theluji Isiyofika Shinyanga

Nilikuwa na miaka 15 niliposhika kwa mara ya kwanza barafu ambayo hakuna mtu aliyeigandisha. Barafu niliyoijua kabla ya siku hiyo iliuzwa shuleni kwenye mifuko ya nailoni, ya ukwaju au ya ubuyu, na ilitoka kwenye friji ya mama mmoja pale senta. Hii ilitoka juu. Ilikuwa Februari 2013, kijijini kwetu upande wa Kahama, yapata saa kumi jioni. Mchana kutwa joto lilikuwa la kuwafanya hata kuku wakae kivulini midomo wazi. Kisha upepo ukaja, wingu likafunika upande wa mashariki, na bati likaanza kulia kama mtu anayemwaga kokoto kutoka kwenye tipa. Bibi alitufokea tuingie ndani. Tulipofungua mlango baada ya robo saa hivi, uwanja ulikuwa mweupe. Wadogo zangu walitoka na sufuria wakaokota, tukala. Haikuwa na ladha yoyote. Bibi peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni akitazama upande wa shamba.

Asubuhi tuliona alichokuwa anakitazama. Pamba yetu ilikuwa imebaki vijiti. Mahindi yalikuwa yamechanwa majani mpaka yakafanana na katani. Lakini kuvuka njia ya ng'ombe, hatua kama ishirini tu, kulikuwa na shamba la mjane mmoja mzee tuliyemwita Bibi wa Ng'ambo, na shamba lile lilikuwa limesimama. Mahindi yake yalikuwa yameoshwa tu. Baba mdogo alisimama katikati ya njia, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mvua gani hii yenye macho ya kuona mpaka wa shamba?"

Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyehitaji kujibu. Bibi wa Ng'ambo alikuwa mzee, aliishi peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu. Macho ya wanawake wengi wazee wa Usukumani ni mekundu, kwa sababu wamepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua maisha yao yote, ndani ya nyumba zisizo na pa kutokea moshi. Kila mtu anayajua hayo. Bibi yangu mwenyewe alikuwa na macho hayohayo. Lakini bibi yangu alikuwa na watoto wa kiume watano.

Wiki ileile wazee walikaa chini ya mkwaju. Mimi nilikuwa napeleka maji, napiga goti, naondoka, narudi na kata nyingine. Nilisikia karibu kila kitu. Nilikuwa kidato cha pili, na kwenye daftari langu la Jiografia, lililokuwa juu ya kitanda hatua chache kutoka pale, nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba joto la hewa hupungua kwa nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu hiyo mara kadhaa kwenye mazoezi. Nilijua kwamba juu ya vichwa vyetu, hata siku ya jua kali, kuna mahali pa baridi ya kugandisha maji, na kwamba barafu haihitaji mtu wa kuituma. Sikusema. Msichana anayepeleka maji hasemi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka mingi.

Hawakumkata mapanga, kama wengi walivyokatwa katika mikoa yetu. Waliacha kumsalimia. Halafu usiku watu wakaanza kutupa mawe juu ya bati lake. Kwetu sauti ile ilisikika vizuri. Mwezi wa nne alifunga mizigo, akaenda kwa binti yake Geita, kwenye machimbo.

*

Naomba nieleze sasa kile ambacho sikukieleza chini ya mkwaju, kwa sababu ni kizuri, na kwa sababu nataka ieleweke ni kitu gani hasa nilikinyamazia.

Watu husema Shinyanga hakuna theluji. Ukweli ni kwamba theluji huanguka Shinyanga karibu kila masika, ila haifiki. Kijiji chetu kiko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Tuseme wingu kubwa limekuja na hewa pale uwanjani imepoa mpaka nyuzi 24. Ukipanda, hewa inazidi kupoa, kwa wastani nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Ukifika kilomita 3.7 juu ya bati la bibi yangu, yaani karibu mita 4,900 kutoka usawa wa bahari, umefika nyuzi sifuri. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kimevuka mstari huo, ndiyo maana barafu yake imekaa juu miaka mingi ingawa inazidi kupungua. Mlima Meru, wenye mita 4,560 na ushee, uko chini kidogo ya mstari, na theluji inayoangukia huko kwa nadra haikai. Sisi hatuna mlima wa kutupeleka huko, lakini wingu la mvua linafika. Linapita mstari wa sifuri na kuendelea kupanda kilomita nyingi zaidi, na huko ndani mvuke hugeuka vipande vya barafu na chenga za theluji. Sehemu kubwa ya mvua inayotunyeshea kutoka kwenye mawingu makubwa ilianza safari ikiwa theluji.

Chenga ya theluji ni nyepesi. Huanguka polepole, kama mita moja kwa sekunde, na ikishavuka mstari wa sifuri kuja chini huyeyuka ndani ya mita mia chache. Kilomita tatu zinazobaki huja ikiwa tone la maji. Kwenye nchi za baridi mstari huo hushuka mpaka ardhini, au karibu yake, na theluji hufika ikiwa theluji. Tofauti ya London na Kahama siku ya mvua haiko sana ndani ya wingu. Iko kwenye hewa iliyo chini ya wingu.

Hata mstari wenyewe hauko wazi kama inavyosemwa. Theluji inaweza kufika ardhini hewa ikiwa na nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri, kama hewa ni kavu, kwa sababu inapoyeyuka na kukauka njiani inaipoza hewa inayoizunguka. Aliyekunywa maji ya mtungi anaijua kanuni hii: mtungi unatoka jasho, jasho linakauka, maji yanapoa. Na baridi ikizidi sana, theluji hupungua badala ya kuongezeka, maana hewa ya baridi kali haibebi mvuke wa kutosha. Kwa hiyo joto la hewa lina kauli kubwa, lakini halisemi peke yake. Linahitaji unyevu, urefu wa njia, na muda.

Mvua ya mawe ni habari nyingine. Ndani ya wingu kubwa kuna upepo unaopanda kwa nguvu, nao huizuia punje ya barafu isianguke. Punje inakutana na matone ambayo yamepoa chini ya sifuri lakini bado ni maji. Yakiigusa yanaganda hapohapo. Inakua hivyo, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Ikizidi uzito wa upepo unaoibeba, inaanguka. Jiwe la ukubwa wa yai huja kwa kasi ya kama mita 30 kwa sekunde. Kilomita zile 3.7 za hewa ya joto linazimaliza kwa dakika mbili hivi, na dakika mbili hazitoshi kuliyeyusha. Barafu inayofika Shinyanga inafika kwa sababu imekimbia.

Na upepo ule unaopanda hauko kila mahali ndani ya wingu. Una kipimo chake, una ukingo wake. Mawe huanguka kwenye ukanda mwembamba unaofuata njia ya wingu, na ukanda huo unaweza kuwa na ukingo mkali hivi kwamba shamba hili liharibike na la jirani libaki. Mvua haikuwa na macho, baba mdogo. Ilikuwa na ukingo.

*

Ningeweza kuishia hapo na kujipongeza. Elimu imeshinda, wazee walikosea. Lakini kila ninapojaribu kuishia hapo nakumbuka habari ya watu wawili.

Katikati ya karne ya 18 mwanafalsafa Mskoti David Hume aliandika kuhusu mtawala mmoja wa India aliyekataa kuamini habari za maji kugeuka magumu kwa baridi. Hume hakumcheka. Alisema mtu yule alifikiri sawasawa, kwa kuwa hakuna chochote katika maisha yake kilichofanana na habari aliyoletewa. Alihitaji ushahidi mkubwa, na alikuwa na haki ya kuudai.

Miaka kama 100 baadaye, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Alimwuliza mmoja wa waliomwongoza njia weupe ule ni nini, na jibu alilopewa ni neno moja: baridi. Nimelipenda jibu hilo kuliko maelezo mengi niliyosoma. Mtu yule hakutaja kitu, alitaja sababu yake. Habari zilipofika Ulaya, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London, William Desborough Cooley, alizikataa kwa miaka mingi. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Cooley alikuwa na vitabu, ramani na kanuni. Kitu alichokosa ni kukubali kwamba kanuni yake ya joto la ikweta ilikuwa ya usawa wa chini, na kwamba mtu aliyekuwa amesimama pale mlimani alikuwa anaona jambo ambalo yeye hakuliona. Katika miaka ya 1860 Baron von der Decken aliupanda mlima ule kiasi cha kuondoa ubishi.

Nawaweka hawa wawili pamoja kwa sababu natamani kuwa upande wa Rebmann na ninaogopa kwamba niko upande wa Cooley. Kanuni yangu ya nyuzi 0.6 ni ya kweli. Lakini nilipofika chuo kikuu na kuanza kuwasimulia wenzangu habari za Bibi wa Ng'ambo, niliisimulia kama habari ya wajinga walioshindwa kuelewa wingu. Wenzangu walitikisa vichwa. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa mbali na mlima, na kanuni mkononi.

Mhadhiri mmoja alinipa kazi ya kusoma kitabu cha Evans-Pritchard cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, watu wa mpakani mwa Sudan Kusini na Kongo. Kuna habari maarufu humo ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini pake. Waazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawabishani na mchwa. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile ambayo watu hawa walikuwa chini yake. Sababu ya mchwa inaeleza ghala, haielezi mkutano wa ghala na watu.

Niliposoma hivyo nilimsikia baba mdogo. Hakuuliza barafu hutoka wapi. Wazee wa kwetu wamekwisha iona mvua ya mawe mara nyingi na wanajua inatoka juu kwenye baridi. Aliuliza kwa nini kwetu na si kwa jirani. Ningetoa daftari langu chini ya mkwaju na kusoma kwa sauti, ningekuwa nimejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ukingo wa upepo unaopanda unaeleza kwa nini mawe yalikuwa na mpaka. Hauelezi kwa nini mpaka ulikuwa njia ya ng'ombe. Sayansi hapo inasema: ilitokea tu. Na "ilitokea tu" ni jibu gumu kumpa mtu mwenye deni la mbegu na dawa.

Kwa hiyo swali la "nani" halikuwa la kipumbavu. Lilikuwa la hatari, kwa kuwa lilikuwa na jibu lililokaa karibu, lenye macho mekundu, lisilo na mtoto wa kiume wa kulisemea.

*

Kuna namna moja ya kuepuka hatari hiyo: kulifuta swali. Kusema mambo ya angani hayana mwenyewe, tuzike wafu, tusonge. Niliipenda namna hiyo mpaka nilipokuwa kidato cha nne.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala. Rais Jakaya Kikwete alifika siku chache baadaye kuwapa pole wafiwa. Picha za nyumba zilizolala chini zilienda kila mahali, na watu walizungumza kuhusu ukubwa wa mawe. Mimi nilikuwa shule ya bweni, na usiku wa mvua ile nilikuwa kitandani, nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Bati lilipiga kelele. Asubuhi tulifagia majani, tukaenda mchakamchaka.

Ilichukua muda kabla sijaelewa kwamba waliokufa Mwakata kwa sehemu kubwa hawakuuawa na mawe. Waliangukiwa na kuta. Nyumba za tofali mbichi, zilizojengwa kwa udongo bila kuchomwa, zinavumilia mvua ya kawaida kama bati limekaa vizuri. Bati likiondoka na maji yakaingia ukutani, tofali linarudi kuwa tope. Ukuta huanguka kwa ndani, juu ya mkeka. Bweni letu lilikuwa la tofali za kuchoma na lenta ya zege. Wingu ni la wote, hewa ni ya wote, nyuzi ni zilezile. Kilichotofautiana ni ukuta.

Hapo ndipo swali la "nani" linaporudi, na safari hii halitazami juu. Wilaya ya Kahama ya miaka ile ilikuwa na migodi mikubwa ya dhahabu, Bulyanhulu tangu mwaka 2001 na Buzwagi tangu 2009. Sisemi mgodi wowote uliangusha ukuta wa mtu. Nasema ardhi ambayo juu yake watu wanalala ndani ya kuta za tope ni ardhi tajiri, na tangu nilipoelewa hivyo neno "maafa ya asili" limekuwa gumu kulitamka bila kusita. Sehemu ya asili inaishia pale jiwe linapogusa bati. Kutoka kwenye bati kuja chini ni habari ya watu: nani ana zege, nani hana, na kwa nini.

Judith Shklar, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 kuhusu sura za dhuluma, anasema mpaka kati ya balaa na dhuluma hauchorwi na maumbile. Tunauchora sisi, na mara nyingi anayeuchora ni yule ambaye hakuumia. Anasema pia juu ya dhuluma ya aina ya pili, ya mtu asiyetenda ubaya ila anautazama ukitendeka akiwa na uwezo wa kusema neno, na anaendelea na shughuli zake. Nilifunga kitabu pale. Nilikuwa nimeona kata ya maji.

Injili ya Luka ina habari fupi ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Yesu anawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale 18 walikuwa na hatia kuliko wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba hapana. Nimeusikia mstari huo kwenye misiba mingi, na ni faraja ya kweli: waliokufa hawakukosa. Lakini sijawahi kusikia mhubiri akiuliza nani aliujenga mnara.

Wachimbaji wa Kahama na Geita wanauliza swali hilo kwa urahisi kuliko sisi wakulima. Mwaka uleule wa 2015, mwezi wa kumi, shimo lilititia Nyangalata, wilaya ileile ya Kahama, likafukia watu chini ya ardhi. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Kwenye machimbo nako kuna minong'ono ya makafara na mizimu inapotokea ajali. Lakini sambamba na minong'ono hiyo kuna maswali mengine, ya kawaida kabisa: mwenye duara ni nani, aliweka matimba, aliambiwa kuna ufa akasemaje? Duara lina mwenyewe. Wingu halina. Na mimi nadhani kosa letu chini ya mkwaju halikuwa kutafuta mwenyewe. Tulimtafuta mwenye wingu, wakati tungeweza kumtafuta mwenye ukuta, mwenye deni, mwenye bei ya pamba.

*

Mwaka jana nilikwenda Geita kumtafuta Bibi wa Ng'ambo. Nilikuwa na nia ya kumweleza. Kweli, hiyo ndiyo ilikuwa nia: kumchorea wingu, kumwonyesha ukingo, kumwambia kwamba sayansi imemsafisha. Nilikuwa na karatasi yenye mchoro kwenye mkoba.

Nilimkuta kwenye makazi ya wachimbaji wadogo, nje ya chumba cha mabanzi na turubai kilichoezekwa bati upande mmoja. Binti yake alikuwa mwaloni anaponda mawe. Yeye alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage. Nilipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nilimtajia baba, nikamtajia babu, nikamtajia kijiji. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unaleta maji."

Sikujua kwamba alijua. Kumbe siku ile alikuwa amekaa nyuma ya boma lake, na kutoka pale mkwaju unaonekana.

Nilieleza. Nilitoa karatasi. Nilimwambia habari za nyuzi, za upepo unaopanda, za ukanda mwembamba. Alisikiliza bila kunikatiza, kwa adabu ambayo watu wazima huwapa watoto wanaosimulia masomo ya shule. Nilipomaliza aliuliza:

"Haya ulikuwa unayajua siku ile?"

"Siyo yote, bibi. Ya baridi ya juu nilikuwa nayajua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Ungesema, wangetafuta jingine," alisema. "Wangesema ng'ombe amekufa, wangesema mtoto ameumwa. Baba yako mdogo alikuja kuniomba lile shamba mara mbili kabla ya mvua. Mara mbili nilimkatalia."

Sikuwa na mchoro wa kujibu hilo.

Ninajua nani analima shamba lile. Najua kwa sababu mwaka 2014 baba mdogo alivuna mahindi ya pande zote mbili za njia, na Januari 2015 akanihamisha kutoka shule ya kata, akalipa ada ya bweni. Bweni la tofali za kuchoma na lenta ya zege. Usiku wa Mwakata nililala chini ya paa ambalo kwa sehemu lililipwa na shamba la mwanamke aliyekuwa amelala chini ya turubai. Nilikuwa nimeliona jambo hili vipandevipande kwa miaka mingi, na kila kipande nilikiweka mahali pake pasipogusana na kingine.

Nimejifunza kutilia shaka namna ninavyoipenda sayansi ya mvua ile. Joto la hewa halina hila. Ukiwa na nyuzi 6.5 kwa kilomita unaweza kueleza kila kitu bila kumtaja ndugu yako. Wazee walimtwika mjane ili wasiseme habari ya shamba, na mimi niliitwika hewa kwa sababu hiyohiyo. Maelezo yangu yalikuwa ya kweli na yao ya uongo, na tofauti hiyo ni kubwa. Hakuna mtu aliyewahi kutupiwa mawe kwa sababu ya mstari wa nyuzi sifuri. Lakini kazi tuliyoyafanyisha ilifanana.

Nilirudi kijijini nikazungumza na baba mdogo. Nilimkuta anafunga ng'ombe. Nilimwambia nimetoka Geita, nikamwambia nilichosikia. Alimaliza fundo, akasema, "Umesoma sana, mwanangu." Baadaye jioni, mbele ya bibi, alisema shamba la mtu aliyeondoka huwa pori, na yeye alilizuia lisiwe pori. Bibi hakusema chochote. Nami safari hii nilisema: lile shamba lina mwenyewe, na yuko hai. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenijibu pia. Nimeandika barua kwa ofisi ya kijiji, na nimeambiwa jambo hilo litaitiwa kikao. Bado sijaitwa.

Siku ile Geita, kabla sijaondoka, Bibi wa Ng'ambo alinisindikiza mpaka kwenye barabara ya vumbi ambako bodaboda hupita. Mchana ulikuwa wa joto na wingu lilikuwa linakua upande wa ziwa, jeupe juu, jeusi chini. Aliliangalia kidogo, akaniuliza siku hizi wanalima nini kwenye lile shamba.

"Alizeti, bibi."

Alifikiri. "Inafaa," alisema. "Pamba ilikuwa inalichosha."